Jifunze Kifaransa kwa podikasti za mapenzi na kuachwa, mwongozo kamili kuanzia kwenye simu mpaka mdomoni

Watu wengi wanaotaka Kifaransa wanaanza na taarifa za habari au zile sentensi za kitabuni za kuomba chumba hotelini, alafu mwezi haujaisha wameshachoka. Mimi naamini shida ni mada. Mtu akianza kusimulia alivyoachwa unataka kujua ilikuwaje, na ukitaka kujua ilikuwaje utarudia dakika ileile hata mara sita bila kusukumwa na mtu, na huko kurudia ndo kunakoingiza lugha kichwani. Kuna sababu nyingine, kubwa zaidi, inayotuhusu sisi tunaoongea Kiswahili: sarufi inayobeba stori za mapenzi kwa Kifaransa nusu yake tunayo tayari tangu utotoni, ila hakuna aliyewahi kutuonyesha. Nitaionyesha huko chini, kwanza tupange vifaa.

Jua uko ngazi gani

Kama bado "je suis" na "j'ai" zinakuchanganya, subiri kidogo. Pita kwenye msingi kwanza, mfano Coffee Break French inaanza sifuri kabisa (wanaelezea kwa Kiingereza), au darasa la Alliance Française kama uko Dar, Arusha, Nairobi au Mombasa na uwezo wa ada upo. Ukishaelewa sentensi fupi za jana na leo, ile ngazi inayoitwa A2, njoo huku.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: fungua "Journal en français facile" ya RFI (redio ya kimataifa ya Ufaransa), taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa kilichorahisishwa, na maandishi yake wanaweka kwenye tovuti. Sikiliza mara moja bila kusoma. Ukimaliza ukaweza kusema kwa Kiswahili habari zilikuwa za nchi gani na angalau nusu ya yaliyotokea, uko tayari. Ukitoka patupu, endelea nayo hiyohiyo kila siku kwa wiki kadhaa huku unasoma maandishi, haipotezi muda wako.

Chagua podikasti, na usichague tano

Kama ndo unatoka A2, kuna mbili ninazozipenda. Duolingo French Podcast wana stori za kweli za watu, msimulizi anaongea Kifaransa cha taratibu na mtangazaji Ngofeen Mputubwele anaingia katikati kwa Kiingereza kukuunganishia, maandishi yapo bure. Pitia orodha utafute zenye mahusiano ya watu, ndoa, familia. Ya pili ni InnerFrench ya Hugo Cotton, aliianza 2017, yeye anaongea peke yake kwa Kifaransa safi kisichokimbia na maandishi yako kwenye tovuti yake. Hiyo inagusa mada za kila aina, lakini inakupa kitu kimoja muhimu, kuzoea kusikia Kifaransa kitupu nusu saa nzima bila kuogopa.

Ukifika B1, ngazi inayofuata baada ya A2, ingia kwa wenyewe. Ya kwanza ninayomshauri kila mtu ni Transfert, ya Slate.fr, jarida la mtandaoni la Ufaransa, ilianzishwa 2016 na Charlotte Pudlowski. Mtu mmoja anakaa mbele ya maikrofoni anasimulia jambo lililompata maishani, na mengi yanaishia kuwa mapenzi, usaliti, kupotezana, kurudiana. Naiweka ya kwanza kwa sababu ni sauti moja. Ukishaizoea ile sauti dakika tano za mwanzo, zilizobaki zinakuwa rahisi, wakati podikasti ya watu watatu wanaocheka na kukatizana itakuumiza kichwa hata ukiwa B2, ngazi ya juu ya hapo.

Les Pieds sur terre ya redio ya France Culture ipo tangu 2002, inaongozwa na Sonia Kronlund, haifiki nusu saa. Hamna mtu wa kukufafanulia katikati, unatupwa kwenye maisha ya mtu moja kwa moja, na utasikia lafudhi za kila kona ya Ufaransa. Ni nzuri sana ila ngumu kuliko Transfert. Love Story ya kampuni ya podikasti ya Bababam inasimulia mapenzi ya watu maarufu, inaandikwa kwanza alafu msimulizi anaisoma, kwa hiyo Kifaransa chake kimenyooka, inafaa mtu ambaye maongezi ya mtaani bado yanamshinda. Alafu kuna Le Cœur sur la table ya Victoire Tuaillon, kampuni ya Binge Audio, 2021, hii inachambua mapenzi yenyewe, nani anabeba nini kwenye mahusiano, kwa nini wanaume na wanawake wanaumizana vilevile kila siku. Inafungua akili kweli lakini imejaa maneno ya kitaaluma, iache mpaka uwe imara.

Chagua moja. Kaa nayo miezi miwili. Na kabla ya kubonyeza soma maelezo ya episodi, kwa sababu baadhi ya stori hizi zina kupigwa, kubakwa, kujiua. Kama na wewe saa hizi moyo wako umetoka kuvunjika, tafuta zile wanazokutana au wanazorudiana, ndugu yangu, Kifaransa hakina haraka kiasi cha kujitonesha kidonda.

Simu na bando

Shusha episodi ukiwa na wifi. Kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya sauti inakula karibu MB 1, kwa hiyo stori ya nusu saa ni kama MB 30. Ukishaishusha unairudia mara ishirini bila kulipa tena, na kwa njia hii ninayokuelekeza utairudia kweli.

Kwenye Android napendekeza AntennaPod, ni ya bure, haina matangazo, inashusha na inapunguza spidi. Wenye iPhone wana bahati moja, tangu Machi 2024 Apple Podcasts inatoa maandishi yenyewe kwa lugha chache na Kifaransa kimo, unaona maneno yanapita huku sauti inaenda. Kwenye Android unaweza kuweka Live Transcribe ya Google, ukachagua Kifaransa, ukaisogeza karibu na spika ya simu nyingine. Maandishi ya mashine yanakosea hasa pale maneno yanapofanana sauti, "c'est", "s'est", "ses" na "ces" zote masikioni ni kitu kimoja, kwa hiyo yachukulie kama msaada tu.

Spidi weka 0.8 ukianza. Chini ya 0.75 sauti inavurugika na unaanza kuzoea Kifaransa ambacho hakipo duniani.

Sikiliza ya kwanza, bila kusimamisha

Weka hedifoni, anza, usiguse simu mpaka mwisho hata ukipotea. Unatafuta majibu manne tu: nani anasimulia, walikutana wapi, nani kamuacha nani, na leo wana hali gani. Ukiyapata matatu siku hiyo imeisha, nenda kalale. Usifungue kamusi. Najua inauma kuacha neno linapita, ila ukianza kusimamisha kila sentensi hujengi sikio, unajenga mazoea ya kusimamisha.

Kata kipande cha dakika mbili

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo na hapa ndo wengi wanapakimbia. Siku ya pili rudi, tafuta dakika mbili zinazouma kuliko zote, mara nyingi ni pale mambo yanapogeuka, simu inapopokelewa na mtu mwingine au anapoambiwa "il faut qu'on parle", inabidi tuongee. Dakika mbili tu, na wiki nzima utaishi humo.

Sikiliza sentensi, simamisha, andika kwenye daftari ulichosikia, hata kama unaandika kwa sauti ya Kiswahili. Rudia mara tatu nne, alafu ndo ufungue maandishi ulinganishe. Pale ulipokosea ndo somo lako la wiki, hamna kitabu kitakachokujua kiasi hicho.

Nimekutungia kipande kifupi tukifanye pamoja, cha dada anayesimulia:

"On s'est rencontrés à Lyon. Il faisait froid, je connaissais personne. On se parlait tous les soirs. Et puis un jour il m'a dit qu'il m'aimait plus. Je suis restée assise, j'ai rien dit."

Kwa Kiswahili: tulikutana Lyon, kulikuwa na baridi, nilikuwa simjui mtu, tulikuwa tunaongea kila jioni, alafu siku moja akaniambia hanipendi tena, nikabaki nimekaa, sikusema kitu.

Cha kwanza, "ne" ya kukanusha imepotea. Kitabuni ni "je ne connaissais personne", "je n'ai rien dit", mdomoni hamna. Na angalia hatari iliyopo kwenye "il m'aimait plus": hiyo "plus" ikitamkwa bila s, "plü", ni hanipendi tena, ikitamkwa na s, "plüs", ni alinipenda zaidi. Stori nzima inaning'inia kwenye s moja. Cha pili, yeye anasema "m'aimait", wakati uliopita, sisi tunasema "hanipendi", wakati uliopo, kwa sababu Kifaransa kikiripoti maneno ya jana kinavuta kila kitu nyuma. Ukitafsiri kutoka Kiswahili utasema "qu'il m'aime plus", utaeleweka, lakini zoea kuivuta.

Sarufi ambayo unayo tayari

Chukua karatasi uandike: nimemuacha, nimeachwa, tumeachana. Sasa andika pembeni: "je l'ai quitté", "j'ai été quittée" (kama ni mwanamke), "on s'est quittés". Ile -ana yetu ndo "se" yao watu wakiwa wawili. Kukutana "se rencontrer", kuvutiana "se plaire", kuandikiana "s'écrire", kuoana "se marier", kugombana "se disputer", kutengana "se séparer", kusameheana "se pardonner", kurudiana "se remettre ensemble". Stori nzima ya mapenzi inakaa kwenye mstari huo mmoja. Ukiisikia "on s'est" subiri kitenzi kinachofuata, karibu kila mara ni jambo walilofanyiana.

Na "se" hiyohiyo inafanya kazi ya -ji- pia: "je me suis dit", nikasema moyoni, "je me suis demandé", nikajiuliza. Hizi mbili utazisikia kila dakika maana mtu aliyeumizwa anasimulia zaidi alichowaza. Ila kuwa makini na "se tromper", maana yake kukosea, wakati "tromper quelqu'un" ni kumsaliti mtu. "Je me suis trompée" anakiri kosa, "il m'a trompée" kasalitiwa. Vitenzi vyote vyenye "se" vikiwa wakati uliopita vinachukua "être", havina ubaguzi, kwa hiyo ni "je me suis", usiseme "je m'ai".

Jambo la pili ni nilikuwa nampenda na nilimpenda. Wewe unazisikia tofauti bila kufikiri, moja hali iliyokuwa inaendelea, nyingine imefungwa. Kifaransa kina tofauti hiyohiyo: "je l'aimais" na "je l'ai aimé". Wanafunzi wanapigwa miaka na huu mgawanyo wa imparfait na passé composé kwa majedwali, wakati mswahili anaweza kuanza na swali moja tu: hapa mimi ningesema nilikuwa na-? Kama ndiyo, mara nyingi ni imparfait, "on se parlait". Na pale ambapo ungeweka -ka-, akaja, akaniangalia, akaondoka, wao wanaweka passé composé na kuzibandika kwa "et puis", "après", "et là". Ukisikia "et là" kaa vizuri, mambo yanaharibika, na mara nyingi msimulizi anahama ghafla kuingia wakati uliopo: "et là, il me regarde et il me dit..." ingawa ni mambo ya miaka kumi nyuma.

Ya tatu ni majuto, na hakuna mahali duniani yanapopatikana kwa wingi kama kwenye stori za kuachwa. "J'aurais dû", ningepaswa. "Si j'avais su", ningelijua. "Je serais pas partie", nisingeondoka. Yashike mazima kama yalivyo, usichambue, utayachambua baadaye masikio yakishayajua.

Maneno ya moyoni

Usiandike neno peke yake, andika sentensi nzima kama alivyoisema msimulizi, uiweke Anki, programu ya kadi za kukumbushia maneno (kwenye Android inaitwa AnkiDroid, bure). Sentensi tano kwa wiki zinatosha, kumi ni nyingi.

Ya kuanzia: "avoir un coup de foudre" ni kumpenda mtu papo hapo ulipomuona. "Draguer" kutongoza, na "se prendre un râteau" kutongoza ukakataliwa. "Poser un lapin" kumpa mtu miadi alafu usitokee. "Larguer" kumpiga mtu kibuti, "je me suis fait larguer" nimepigwa kibuti. "Un chagrin d'amour" maumivu ya kuachwa. "Tourner la page" kuyaacha yaliyopita uendelee na maisha. Kwa vijana utasikia "mec" na "meuf", jamaa na demu, hayo ya mtaani usiyapeleke ofisini.

Kuna ya kuangalia kwa makini. "Je t'aime bien" ni dhaifu kuliko "je t'aime", ni kama nakukubali tu, kwa hiyo mwanaume wa kwenye stori akisema hivyo jua tunaelekea wapi. "Mon copain" ni mpenzi wangu lakini "un copain" ni rafiki tu. "Tu me manques" ni nimekumiss, na kinachofanya kitendo pale ni "tu", kwa hiyo ukitaka kusema amenimiss ni "je lui manque". Na usitumie "baiser" kama kitenzi ukimaanisha kubusu, ni tusi, kubusu ni "embrasser".

Wenye ndugu Lubumbashi, Goma, Bukavu au Bujumbura mnayo hazina nyingine. Kifaransa cha huko kina maneno yake, "deuxième bureau" ni nyumba ndogo, na sabini ni "septante", tisini "nonante", tofauti na Paris wanaosema "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Mpigie binamu yako umuombe akusimulie stori ya mapenzi ya mtaani kwao kwa Kifaransa, mkiwa mmekwama mnarudi kwenye Kiswahili wote wawili. Kwangu hilo zoezi linashinda mengi ya kulipia.

Toa mdomoni

Kipande chako cha dakika mbili ukishakijua, kifuatishe kwa sauti. Msimulizi anaongea, wewe unaongea nyuma yake nusu sekunde, pumzi anapovuta na wewe vuta, sauti inapokatika na wewe ishushe. Hisia zinasaidia hapa kwa sababu mtu mwenye huzuni hapayuki, anaongea polepole na sentensi zake zina mwanya. Shughulika hasa na "u" ya "tu", weka ulimi kama unasema i na midomo kama unasema u, la sivyo "tu" na "tout" zitakuwa moja. Na jizuie kutamka kila herufi, sisi tumezoea kinachoandikwa kinasomwa, wao "ils aiment" ni "ilzem" basi.

Alafu zima kila kitu, fungua WhatsApp, jitumie voice note mwenyewe ukisimulia stori ya yule dada kwa maneno yako, dakika moja. Anza na "c'est l'histoire d'une femme qui..." Mara ya kwanza utasema sentensi nne, iache hivyohivyo. Mara ya pili isimulie tena, sasa kama wewe ndo yeye, kwa "je". Mara ya tatu badilisha mwisho, warudiane, au yeye ndo amuache. Kubadilisha mwisho kunakulazimisha kugeuza vitenzi vyote, "il m'a quittée" inakuwa "je l'ai quitté", na hapo ndo utajua kama umeelewa au umekariri. Usifute voice note hizo, miezi mitatu mbele utataka kuzisikia.

Wiki inavyokaa

Jumatatu episodi nzima bila kusimamisha. Jumanne na Jumatano kipande, daftari, maandishi, dakika 25 kila siku zinatosha. Alhamisi kufuatisha kwa sauti, unaweza kufanya ukiwa unapika au unatembea. Ijumaa voice note. Jumamosi sikiliza episodi nzima tena kwa spidi ya kawaida, na hapo utashangaa, sehemu uliyoifanyia kazi inasikika wazi kabisa na hata zilizoizunguka zimefunguka. Jumapili pumzika au piga simu Bukavu. Ukikosa siku mbili usijaribu kufidia, endelea ulipoishia.

Ukimaliza wiki nane kwenye podikasti moja, inayofuata iwe na sauti tofauti: kama ulikuwa na wanawake wa Paris tafuta mzee wa kusini, kama ulikuwa Ufaransa tafuta Abidjan, Dakar au Kinshasa, na anza tena na yale maswali manne.